Uzi: Saa ya kupika ndiyo simu inamchukua mtoto. Kwetu Nakuru tunafanya hivi, na nyinyi?

FundiWaNguo (Nakuru)

Wazazi wenzangu, hamjambo. Mnivumilie, haya ni marefu.

Mimi ni fundi wa cherehani, naishi Free Area. Nina watoto wawili, kijana wa miaka 5 na dadake wa miaka 3 na nusu. Tunakaa ploti yenye nyumba kumi na mbili, mfereji mmoja na uwanja mdogo wa kuanikia nguo. Kwa muda mrefu nimekuwa nikiambia watu kwamba watoto wangu wanapenda simu mno. Mwezi wa tatu nikachukua daftari la vipimo vya wateja, nikafungua ukurasa wa mwisho, na kwa wiki nzima nikaandika kila mara simu ilipotoka kwangu ikaenda kwao: ilikuwa saa ngapi, na mimi nilikuwa nashughulika na nini.

Asubuhi hawakuiulizia hata siku moja. Mchana pia hapana. Karibu mistari yote niliyoandika ilikuwa kati ya saa kumi na moja na nusu na saa moja jioni. Nimewasha jiko, mafuta yamepata moto, vitunguu viko kwenye kibao, mdogo ananivuta sketi na mkubwa anauliza chakula kitaiva lini. Hapo ndipo mkono wangu ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe. Nilipoyasoma yale maandishi Jumapili usiku nilinyamaza kwa muda. Watoto hawakuwa wameitaka. Ni mimi niliyekuwa nawapa.

Ushauri mwingi ninaousoma ni wa wikendi: mbuga, bwawa la kuogelea, farasi. Ni mizuri kwa mwenye uwezo, lakini kwangu shida haikuwa Jumamosi. Ilikuwa Jumanne, jikoni, mvua ikinyesha. Kwa hivyo nikaacha kuhangaika na siku nzima, nikaishughulikia ile saa moja na nusu peke yake.

Kilichotusaidia zaidi ni mpira wa matambara. Najua mtasema mpira ni mpira. Nilishawanunulia wa dukani, wakaupiga siku mbili, siku ya tatu wakaupigania, ya nne ukapaa juu ya paa la jirani. Huu wa kutengeneza ulituchukua siku tisa kabla haujapigwa teke hata moja, na zile siku tisa ndizo nilizokuwa nazitafuta.

Sisi tuliokua zamani tulishindilia karatasi za juala moja ndani ya nyingine. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017 watoto wengi wa mitaani walikosa malighafi ya mpira, na mimi kama fundi nina gunia zima la mabaki ya vitambaa. Tunaanza na kipande cha sponji kilichokunjwa ngumi moja. Kinaingizwa ndani ya soksi iliyopoteza mwenzake, soksi inasokotwa mdomoni, inageuzwa na kurudishwa juu yake tena, mpaka iishe. Halafu vitambaa, utepe mmoja baada ya mwingine, upana wa vidole viwili. Siri iko kwenye kuzungusha: kila ukimaliza mzunguko mmoja unaugeuza mpira robo, unapita upande mwingine. Ukizungusha upande mmoja tu unapata kitu kama kiazi. Kijana wangu alitengeneza viazi vitatu. Sikumrekebisha. Siku ya nne nilimsikia akimwambia dadake, "Geuza! Geuza kwanza!" na akaushika ule mpira kwa magoti yake mawili ili mikono yote ibaki huru kuvuta kitambaa. Hakuna aliyemfundisha hilo la magoti.

Mwisho ni kamba ya katani, inafumwa kama wavu kuzunguka mpira wote. Hiyo nafanya mimi na wao wanashika. Ukitaka udunde, chini ya katani zungusha vipande vya mpira vilivyokatwa kwenye chubu ya baiskeli. Fundi wa baiskeli atakupa chubu mbovu bure.

Vifaa vyote viko kwenye kikapu kimoja juu ya kabati, na kikapu kinashuka jiko likiwashwa tu. Ugali ukishasongwa kinarudi juu. Kikikaa chini mchana kutwa, jioni hakitakuwa na ladha. Mkasi haumo, nakata mimi.

Kilichonishinda ni unga wa kufinyanga. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, vijiko viwili vya mafuta, na maji kidogo kidogo mpaka ushikane. Watoto waliupenda sana. Lakini roho yangu haikutulia kuona unga wa chapati ukikanyagwa sakafuni na bei ndizo hizi, kwa hivyo niliacha. Kama kuna mwenye njia nyingine aniambie.

Nyinyi wenzangu, hiyo saa mnaipitishaje?

MamaPacha (Kisumu)

Fundi, asante. Hilo la daftari nimelifanya kichwani tu na tayari nimejua jibu langu.

Kuhusu kufinyanga, wachana na unga, tafuta udongo. Huku kwetu mvua ikinyesha mahali wanapochimba msingi wa nyumba, ule udongo mweusi unanata wenyewe. Chukua kopo moja, toa vijiwe, uloweke usiku mmoja, asubuhi umwage maji ya juu. Ukiufunika kwa kitambaa kibichi unakaa wiki mbili bila kukauka. Wangu wanafinyanga ng'ombe. Ng'ombe wote wana nundu kubwa kuliko kichwa, na wanaanikwa dirishani kwa mstari.

Mimi niko ghorofa ya tatu Manyatta, uwanja hakuna, na unajua joto letu, ukuta unatoa joto mpaka usiku. Kwangu dawa ni maji. Beseni mbili kwenye balkoni, vikombe, chujio la chai, na kopo nililolitoboa matundu kwa msumari. Wanahamisha maji kutoka beseni hii kwenda ile mpaka nimemaliza kupika, na baadaye maji yale yanaenda chooni, hayapotei. Lakini mlango wa balkoni uwe wazi na mimi nawaona. Mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina kifupi sana, na hapigi kelele anapozama. Simu ikilia ndani, siendi kuipokea.

Na kwa kuwa umetaja wikendi: watu wakija Kisumu hukimbilia ziwani na watoto. Njooni, Dunga ni pazuri. Mtaona mashua, wavuvi wakishona nyavu, mafunjo marefu kuliko baba yao, na mkiwa na bahati kiota cha fundichuma, lile rundo kubwa la vijiti juu ya mti ambalo mtoto hataamini limejengwa na ndege. Lakini msiwaingize watoto majini. Kichocho kinatoka kwenye konokono wa maji ya ukingoni, na vijidudu vyake vinapenya ngozi bila mtoto kuhisi kitu. Kusimama tu kwenye yale maji ya magotini kunatosha. Na jua likianza kushuka ondokeni ufukweni, kiboko hutoka kula majani jioni.

BabaWaKakamega

Kwetu ni ngoma. Nina watoto wawili na mikebe mitatu.

Ngoma za isukuti kwa kawaida ni tatu, kubwa, ya wastani na ndogo, na watu wetu wa Isukha na Idakho, Waluhya wa huku Kakamega, huzichukulia kama baba, mama na mtoto. Ngoma hiyo mwaka 2014 iliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na mimi nikajiuliza: nani atailinda kama wangu hawaijui mdundo wake? Kwa hivyo nikachukua mkebe mkubwa wa rangi niliousugua mpaka ukatakata, mkebe wa maziwa ya unga na kopo la majani chai. Kila mmoja ana ngoma yake na kila mmoja ana mdundo wake mmoja tu wa kushikilia. Ya baba inakwenda polepole. Ya mtoto inakwenda mbio. Kazi yote ni kutopotezwa na mwenzako. Mdogo wangu wa miaka minne alikuwa akipotea kila mara, na wiki ya tatu akafunga macho, akashikilia mdundo wake mpaka mwisho wa wimbo. Sikuweza kuendelea kupiga, nilibaki namwangalia.

Saa moja kamili tunanyamaza. Jirani ana mtoto mchanga.

MuuzaNyanya

Nimesoma yote na sitaki kuvunja mtu moyo, lakini semeni ukweli. Mimi natoka sokoni saa moja, nafika nyumbani saa mbili kasoro nikiwa nimesimama tangu alfajiri. Hiyo saa yenu ya kupika mimi sipo. Yupo dada wa kazi, msichana wa miaka kumi na tisa, na simu ni yake. Nimejaribu kumkataza, watoto wakalia, akawapa tena. Mwaka jana niliwapeleka mahali pa kulea watoto nikidhani nimepata nafuu. Siku moja nilipita mchana bila kusema, nikakuta watoto kumi na wanne wameketi kwenye mkeka mbele ya runinga, kimya kabisa, na katuni zenyewe za lugha wasiyoijua. Nimelipia hilo miezi minane. Kwa hivyo mnaposema "mkae na watoto", mnamwambia nani?

FundiWaNguo (Nakuru)

Dadangu, pole sana. Hilo la watoto kumi na wanne kimya limenikaa kifuani.

Nilikosea kuandika kana kwamba kila mama yuko jikoni kwake. Lakini nadhani kosa halikuwa kwako wala kwa yule msichana. Umemwambia asifanye nini. Je, kuna aliyemwonyesha afanye nini? Ana miaka kumi na tisa, ana watoto wawili wanaolia na chungu motoni. Simu ndiyo kitu pekee kilichopo mkononi mwake.

Kama ingekuwa mimi, siku yangu ya kupumzika ningekaa naye chini, si na watoto kwanza, na yeye. Nimtengenezee kikapu chake. Nimuulize kwao walicheza nini. Wasichana wengi wa kazi wametoka mashambani na wanajua blada ya kuruka kamba ya mpira, kati ya kukwepa mpira, brikicho ya kujificha na kutafutana, na nyimbo ambazo sisi wa mjini tumesahau. Huenda ndiye mwenye kujua zaidi humu ndani na hakuna aliyewahi kumuuliza.

MwalimuWaPP1

Naunga mkono hapo juu, na niongeze kitu kutoka darasani kwangu, chekechea.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 wa watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapendekezewi kukaa mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora. Wa miaka 3 na 4 anatakiwa awe na mwendo wa angalau dakika 180 kwa siku, na dakika 60 kati ya hizo ziwe za kuhemesha kweli. Wazazi wakisikia 180 wanashtuka. Si kwa mpigo mmoja, wazazi wangu. Kutembea kwenda shule kumo. Kuchota maji na kijagi kidogo kumo. Kucheza kati dakika ishirini kumo.

Kitu ninachokiona mimi ni vidole. Naletewa mtoto wa miaka minne anayejua kutelezesha kidole kwenye kioo vizuri kuliko mimi, lakini hawezi kufungua kifuniko cha chupa yake ya maji, na penseli inamtoka mkononi. Kile kitambaa anachovuta kijana wa Fundi, ule udongo wa Mama Pacha, hiyo ndiyo kazi ya kuandika inayoanza kabla ya penseli. Mzazi asione anapoteza muda.

NyanyaWaSiaya

Wanangu, nimesomewa haya na mjukuu wangu nami namtajia aandike.

Zamani kwetu watoto walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wanalala huko na kusimuliwa hadithi za Apwoyo sungura mpaka usingizi uwachukue. Hiyo haiwezi kurudi kwenye ploti zenu. Lakini nawauliza, mbona mnataka mtoto akae mbali na jiko? Anayekuvuta sketi hataki mchezo. Anataka kuwa pale ulipo. Mpe mboga achambue. Apoth, dek, osuga, mwache akwanyue majani, mashina aweke upande huu, majani upande ule. Atakwanyua majani kumi wewe ukikwanyua mia, na mengine ataangusha. Sawa tu. Mwekee kigoda mbali na moto, lakini awe anakuona uso.

Na mdomo wako hauna kazi ukipika. Tega vitendawili. Kitendawili! Wajibu tega! Nyumba yangu haina mlango. Kama wewe ni mjanja utalishika lile yai mkononi na watakuwa wanalitazama bila kujua. Kila niendapo ananifuata. Waonyeshe ukutani taa ikiwaka. Wakishindwa wakupe mji, na uwaambie wataje mji wanaoujua kweli, wapeane Bondo, wapeane Ugunja, mtoto ajue alikotoka shangazi yake.

FundiWaNguo (Nakuru)

Nyanya, shikamoo. Nimelijaribu la mboga siku tatu sasa. Binti yangu anachambua sukuma wiki na kuzihesabu, anafika kumi na mbili halafu anarudi saba. Na hanivuti sketi. Sikuwa nimewaza kabisa kwamba alitaka tu kuniona uso.

Sasa niwaambie la Jumamosi. Tulienda Hyrax Hill, si mbali na hapa kwetu, ni kama kilomita nne kutoka mjini kwenye barabara ya Nairobi. Nimepita pale kwenye matatu miaka mingi bila kushuka. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alichimba pale mwaka 1937 akakuta makaburi na mabaki ya makazi ya watu wa kale. Hayo watoto hayakuwagusa sana. Pimbi waliwagusa kidogo, walimwona mmoja akiota jua juu ya mwamba akatoroka.

Kilichowashika ni jiwe. Kuna mwamba ambao watu wa zamani waliuchonga mashimo ya bao. Mashimo yenyewe, mistari imenyooka, kingo zimelainika. Kijana wangu alilala kifudifudi akaingiza kidole shimo moja baada ya jingine. Akaniuliza, "Walikuwa hawana trei ya mayai?" kwa sababu nyumbani bao letu ni trei ya mayai. Nikamwambia hapana. Akakaa kimya, akaokota vijiwe akaanza kuvigawa shimo kwa shimo, akimwachia mtu asiyeonekana zamu yake upande wa pili. Nilikaa kivulini nusu saa nzima. Hakuniita.

Kwa wanaouliza bao la trei: trei ya mayai thelathini ina mistari mitano ya mashimo sita. Kata mistari miwili. Kila shimo weka maharagwe manne, jumla arobaini na nane. Mchezaji anachota shimo moja la upande wake na kugawa moja moja kuzunguka, na la mwisho likiangukia shimo tupu zamu inapita. Hii ni njia rahisi ya watoto. Ajua ya wazee wa ziwani ina mashimo mengi zaidi na hila zake, na giuthi ya huku pia.

MuuguziWaZamu

Fundi, nimefurahia, lakini naomba ubadilishe hayo maharagwe. Watoto wa chini ya miaka mitatu, na hata wa umri wa binti yako, huingiza maharagwe puani na masikioni. Haragwe likipata unyevu linafura, na kinachofura ndani ya pua hakitoki kwa kupiga chafya. Usijaribu kulitoa kwa kibiriti wala pini, utalisukuma ndani. Mlete hospitalini siku hiyo hiyo. Mdomoni ni hatari zaidi, linaweza kuziba pumzi. Tumia vifuniko vya soda, na mashimo yawe makubwa. Sponji ya mpira nayo iwe imefungwa yote ndani, isiwe na vipande vya kung'atwa.

FundiWaNguo (Nakuru)

Nimekuelewa, na nashukuru umesema mapema. Maharagwe nimeyarudisha kwenye kopo jana usiku. Nimechukua vifuniko vya soda na mashimo nimeyafanya kwa vibakuli vya plastiki. Mkubwa atacheza na maharagwe mdogo akishalala.

MuuzaNyanya

Nimerudi. Jumapili nilikaa na yule msichana kama ulivyosema. Nilimuuliza kwao walicheza nini, akacheka akafunika mdomo kwa leso. Halafu akaniambia yeye alikuwa bingwa wa magari ya waya kijijini, aliwashinda hata wavulana, na magurudumu alikata kwa kandambili zilizoisha. Miezi saba yuko kwangu sikuwahi kujua.

Jana nimefika saa mbili kasoro kama kawaida. Nyumba ina kelele, nikadhani kuna shida. Wako sakafuni wote watatu, waya imekunjwa kila mahali, ncha ameziviringisha ndani zisichome macho. Gari lina usukani mrefu, mkubwa anausukuma akiwa amesimama. Simu iko juu ya friji, imeisha chaji. Ugali ulikuwa umeungua kidogo upande mmoja. Tumeula.

Fundi, wanataka mpira sasa. Hiyo katani unanunua wapi?

FundiWaNguo (Nakuru)

Duka lolote la vifaa vya shamba, omba ile nyembamba ya kufungia magunia. Usinunue nyingi, mita tano zinatosha mpira mmoja. Vitambaa nitakuwekea kwenye mfuko, vya pamba, si vya nailoni, nailoni inateleza na fundo halishiki. Mwambie dada aanze na soksi mbili.